Ndege wa Karatasi, Si Ndege ya Karatasi

Tanga, Jumapili, 10 Agosti 2025

Shoga yangu Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi hatujambo, ila mama mkwe magoti yanamsumbua tangu baridi ya Julai, na yule paka uliyeniachia amezaa mara ya tatu, kwenye kabati lile lile. Barua hii anakuletea shemeji wa lori; akishavuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia kwenu Kongo atakupigia simu. Ndani ya bahasha mna kitabu. Tafadhali usikitoe mbele ya watoto kabla hujamaliza kunisoma.

Siku ile kwenye simu uliniuliza, "Hivi kweli mwenzangu unawakalisha watoto wa watu barazani unawasomea habari za bomu la atomiki?" Ulicheka, lakini nakujua, kicheko kile hakikuwa cha kupenda. Mara salio likakatika (lako, si langu), nikabaki na jibu mdomoni. Basi jibu ndilo hili.

Unamkumbuka yule mwalimu wa kujitolea, Mjapani, aliyefundisha hesabu na kula mihogo ya nazi kutushinda sisi wenyewe? Alipoondoka aliniachia boksi la vitabu vya watoto, vyote vya Kiingereza. Vingi ni vya wanyama na mboga zinazosema. Chini kabisa nilikuta vinne vya Hiroshima. Nilivitia mvunguni miaka miwili. Mwaka jana nikasikia redioni kwamba chama cha manusura wa mabomu yale kimepewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na mwaka huu wanasema imetimia miaka 80. Nikaona haya. Nikavitoa.

Nilianza na Hiroshima no Pika, alichokiandika na kukichora Toshi Maruki mwaka 1980. Nilipotaja jina tu, baraza zima likaangua kicheko. "Pika? Wanapika nini?" Nikawaeleza kwamba kwa Kijapani pika ni ule mwanga unaomulika ghafla na kuzima. Waliosikia na kishindo wakauita pikadon: pika mwanga, don mlio. Yule mwenye pengo, ambaye huwa hasemi, akasema polepole, "Kwa hiyo lilipika watu." Hakuna aliyecheka tena, na mimi sikuongeza neno.

Hadithi inaanza saa mbili na robo asubuhi, tarehe 6 Agosti 1945. Mtoto wa miaka saba, Mii, yuko na baba na mama wanakula viazi vitamu. Viazi vitamu, Mama Neema! Nusu ya wasikilizaji wangu walikuwa wametoka kuvila nyumbani kwa chai ya rangi. Halafu mwanga. Mama anamtoa baba motoni, anambeba mgongoni, anamshika Mii mkono, wanakimbilia mtoni. Huko kuna mbayuwayu aliyeungua mbawa, anarukaruka ardhini, hawezi kuruka juu. Siku zinapita, na Mii bado ameshikilia vijiti alivyokuwa akilia chakula asubuhi ile. Vidole vimekataa kufunguka, mpaka mama anavifungua kimoja kimoja.

Nilikuwa nimeandaa tarakimu za kuwaambia, kwamba hadi mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima peke yake. Sikuzitaja. Mtoto wa darasa la tatu 140,000 ataishika wapi? Vijiti alivishika. Niliwaona wawili wamekunja ngumi bila kujijua.

Sasa nikuungamie. Kuna ukurasa wenye watu walioungua, uchi, wamerundikana, michoro yenye rangi kama ya ndani ya tanuri. Nilipoufikia nikafunua kurasa mbili kwa pamoja, kama ufanyavyo ukiona nzi kwenye mchuzi mbele ya mgeni. Binti mmoja akanyoosha kidole: "Mwalimu, kurasa zimegandana." Nikarudi. Nikauonyesha. Wakautazama kwa muda mrefu, mrefu kuliko nilivyoweza mimi, kisha swali la kwanza likaja: "Yule mbayuwayu alipona?" Nikawaambia wasubiri. Baba wa Mii anakufa baadaye. Mii mwenyewe hakukua tena, alibaki na kimo cha mtoto wa miaka saba, na vipande vya vioo vikaendelea kumtoka kichwani. Kila mwaka anaelesha taa mtoni kwa ajili ya marehemu, moja ya baba, na moja ya mbayuwayu. Hilo ndilo walilolitaka. Walishusha pumzi.

Jana ikawa zamu ya kitabu cha Sadako, binti wa Hiroshima, na hapo ndipo Kiswahili chetu kiliponipiga mweleka. Nikasoma: Sadako akakunja ndege elfu moja wa karatasi. Mtoto mmoja akashtuka. "Ndege zile zile zilizoleta bomu?" Nikaganda. Kweli, kwetu mtoto akikunja ndege, anakunja ile ya kurusha darasani. Nikasema, sikilizeni vizuri, nimesema ndege *wa* karatasi, sikusema ndege *ya* karatasi. Ndege mwenye roho. Korongo. Kwa Wajapani korongo anasemekana huishi miaka elfu, na anayekunja elfu hutimiziwa ombi. Wakaelewa. Lakini lile swali halijaniacha, na sidhani kama kuna Mjapani aliyewahi kuulizwa.

Habari yenyewe pengine unaijua juu juu. Sadako Sasaki alikuwa na miaka miwili bomu lilipoanguka, nyumbani kwao hapakufika kilomita mbili kutoka pale lilipolipukia. Hakupata hata mkwaruzo. Baba yake kinyozi. Akakua, akawa mkimbiaji hodari wa mbio za kupokezana pale shuleni, mpaka uvimbe ukamtokea shingoni, na Februari 1955 akalazwa, saratani ya damu. Wanafunzi wa Nagoya walipowaletea wagonjwa makorongo ya karatasi, naye akaanza kukunja, kwa karatasi za kufungia dawa, kwa chochote. Alifariki tarehe 25 Oktoba mwaka ule ule, ana miaka 12.

Kitabu nilicho nacho ni cha Eleanor Coerr, Mmarekani, cha mwaka 1977, na nimtendee haki, ndicho kilichomfanya binti huyu ajulikane nusu ya dunia. Humo Sadako anafika ndege 644, nguvu zinamwishia, na wenzake wa darasani wanakunja 356 waliobaki ili azikwe na elfu kamili. Inaliza. Nimelia mwenyewe jikoni kabla ya kuwasomea. Lakini nilipofunga kitabu, nani akainua mkono? Yule yule mwenye pengo. "Angeharakisha."

Nilihisi baridi mgongoni. Kumbe ndivyo hadithi inavyomfunza: mtoto amekufa kwa sababu hakumaliza kazi.

Ikabidi niwaambie nilichokisoma kwingine. Jumba la makumbusho la Hiroshima linasema hivyo, na kaka yake Sadako pia: alimaliza. Mwisho wa Agosti alikuwa ameshatimiza elfu, akaendelea na wengine, wadogo zaidi, akiwakunja kwa ncha ya sindano. Baraza likawa kimya, nikasikia muuza samaki akipita barabara ya tatu.

"Sasa mbona hakupona?"

"Kwa sababu ilikuwa saratani."

"Kwa hiyo ndege hawaponyi."

"Hawaponyi."

"Mbona aliendelea kukunja?"

Jibu sikuwa nalo, shoga, na usiku kucha sikulipata. Wao hawakungoja. Wakaomba karatasi. Nilichana daftari zima, na kwa kuwa hakuna aliyejua kukunja korongo, mimi nikiwa wa mwisho, nusu yao walikunja eropleni na kuzirusha mpaka juu ya bati la jirani.

Ndiyo maana nakwambia kilichoniudhi si kwamba vitabu hivi vinatisha. Kinachoniudhi ni pale mkubwa anapoulainisha ukweli, halafu ule ulaini ndio unaomwumiza mtoto. Mwandishi amelainisha, na mimi na kurasa zangu zilizogandana nimelainisha. Hata Wajapani wenyewe. Kuna hadithi ya katuni, Hadashi no Gen, yaani Gen Peku, ya Keiji Nakazawa, ambaye alikuwa na miaka sita siku ile na alipoteza baba, dada na mdogo wake. Mwaka 2013 ilijulikana kwamba mji wa Matsue ulikuwa umeifungia kwenye maktaba za shule kwa sababu ya picha zake, watu wakapiga kelele, ikafunguliwa. Mwaka 2023 idara ya elimu ya Hiroshima, Hiroshima yenyewe, ikaitoa kwenye masomo ya amani ya shule ya msingi. Moja ya sababu: Gen anaiba samaki bwawani ili mama yake ale. Mji mzima umeteketezwa, na tunaogopa mtoto atajifunza wizi wa samaki. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Cha nne bado sijawasomea, na hapa nakubaliana na wewe kidogo. Ni cha mtoto Shinichi wa miaka mitatu, aliyekuwa akiendesha baiskeli yake ya magurudumu matatu mbele ya nyumba. Alifariki usiku ule. Baba yake hakuweza kumpeleka mbali, alikuwa mdogo mno kulazwa peke yake makaburini, akamzika uani pamoja na baiskeli. Miaka 40 baadaye, mwaka 1985, akaifukua, na leo iko kwenye jumba la makumbusho. Kitabu hicho ndicho kinachonishinda. Nina mjukuu wa umri huo, na baiskeli ya namna hiyo iko uani sasa hivi, imelala upande.

Nagasaki haina kitabu kwenye boksi langu. Jana ndiyo ilikuwa siku yake, saa tano na dakika mbili asubuhi, tukiwa tumekaa pale pale barazani. Nikawaambia tu kwamba ndege ile ilikuwa imekusudia mji mwingine, Kokura, lakini rubani hakuweza kuuona kwa wingu na moshi, akaelekea Nagasaki. Wakataka kujua kama watoto wa Kokura wanajua. Nikasema wanajua.

Sasa nije kwako, maana wewe uko Lubumbashi. Vitabu hivi nilivyo navyo vinaanza asubuhi, watu wanakula, na bomu liko njiani. Sikukuta panaposemwa mawe yake yalichimbwa wapi. Yalichimbwa kwenu, Mama Neema. Shinkolobwe, si mbali na Likasi. Kampuni ya Wabelgiji, Union Minière, ilikuwa na urani pale isiyo na mfano kwa ubora. Mwaka 1940 mkuu wake, Edgar Sengier, akasafirisha zaidi ya tani elfu moja mpaka New York, zikakaa ghalani, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likazinunua zote. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa bomu ilitoka Kongo. Na lugha ya kambi za wachimbaji wa kampuni ile ilikuwa nini? Kiswahili. Huenda jiwe lile lilibebwa, likalaaniwa, likapewa jina la utani kwa lugha hii hii ninayokuandikia, kabla Mii hajazaliwa kitabuni.

Hilo nalo sijawaambia watoto, si kwa kuficha, ila sina cha kuwaonyesha. Sina picha, sina mbayuwayu. Wewe una majirani wazee. Ukimpata mmoja ambaye baba yake alifanya kazi kule, mpelekee sukari, kaa naye, umuulize walikuwa wanaliitaje lile jiwe, na kama waliwahi kuambiwa lilikokwenda. Andika kama atakavyosema, Kiswahili chake cha huko usikinyooshe.

Kitabu nilichokutumia ni cha Mii. Ukurasa niliouruka nimeuwekea uzi mwekundu. Utakapofika hapo na Neema, utaamua mwenyewe.

Nisalimie Baba Neema na watoto wote.

Wako,
Mama Zuhura

N.B. Kile kikaratasi kilichobanwa katikati ya kitabu amekunja yule mwenye pengo, baada ya kufundishwa na dada yake kwenye simu. Kwa macho kama eropleni, lakini ameapa ni korongo.