Dagaa si ukoo mmoja

Mhariri,

Makala yenu kuhusu samaki wa bahari ilieleza vizuri ukoo wa Clupeidae, ule wa sadini na heringi. Ila mwandishi alipofika kwenye majina ya Kiswahili aliteleza: kaandika kwamba ukoo huo wote ndio "dagaa". Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, mzigo nachukua mwaloni Kibirizi, na jina hilo limeshanitia hasara.

Mwaka jana nilipeleka magunia mawili Tabora kwa treni. Mteja kufungua tu, simu: "Dada, umeniletea samaki gani hawa? Dagaa wa Kigoma ni wadogo!" Gunia moja lilikuwa na lumbu. Dagaa wetu hasa, Stolothrissa tanganicae, hukomea kwenye sentimita 10 hivi. Lumbu, Limnothrissa miodon, anaweza kufika 17. Wote huvuliwa usiku wa giza kwa taa, mara nyingi wavu mmoja, wakaanikwa pamoja. Nauli ya kurudisha lile gunia nililipa mimi. (Lumbu wa kukaanga mimi nampenda kuliko dagaa, lakini hilo si la kumwambia mteja aliyekasirika.)

Hao wawili kweli ni jamaa wa sadini. Waliochunguza vinasaba vyao wanasema wahenga wao waliingia maji yasiyo na chumvi kutoka baharini upande wa Afrika Magharibi, miaka milioni 25 hadi 50 iliyopita. Siku hizi kuna wataalamu wanaowatoa Clupeidae na kuwaweka katika ukoo wa jirani, Dorosomatidae.

Dagaa wa Mwanza ni habari nyingine kabisa. Yule ni Rastrineobola argentea, ambaye kwa desturi huwekwa Cyprinidae, nyumba moja na samaki aitwaye ningu. Mshike akiwa mbichi: ubavuni ana mstari mwembamba unaokwenda mpaka mkiani, wa kwetu hana. Kisha mshike wa kwetu, umpitishe ukucha tumboni kutoka nyuma kuja kichwani. Utakwaruza kidogo kwenye magamba magumu yaliyojipanga hapo. Wa Mwanza tumbo lake ni laini. Na dagaa mchele wa pwani, yule mwenye pua iliyotangulia mdomo, ni wa Engraulidae. Anakaribiana na sadini, lakini ana ukoo wake.

Jina hilohilo la jikoni, basi, limekusanya koo tatu au nne. Kwingine Kiswahili kimefanya kinyume. Mgebuka wetu na sangara wa Ziwa Victoria wote ni wa jenasi moja, Lates, na baharini, huko Asia na Australia, yuko Lates mwenzao. Lakini jaribu kumuuzia mama wa Ujiji sangara kwa jina la mgebuka uone.

Naomba mkirudia mada hii mwandike dagaa wa ziwa gani, au wa bahari. Na wenzangu wanaofungasha kwenye vifuko wafanye hivyohivyo, maana nimeviona vya "Dagaa wa Kigoma" ambavyo samaki wake Ziwa Tanganyika hawajawahi kuliona.

Yule mteja wa Tabora tulipatana. Sasa kila akiagiza huandika kwenye ujumbe "dagaa, SI LUMBU" kwa herufi kubwa. Juzi kaagiza nusu gunia la lumbu.

Muuza dagaa,
Kigoma