Kasma ya vitabu vya maktaba isiguswe

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie kasma ya vitabu, yaani kifungu cha bajeti cha kununulia na kutunza vitabu vya maktaba za umma, kabla bajeti ijayo haijafika bungeni.

Tangu Mwalimu Nyerere alipofungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, Desemba 9, 1967, hatujasikia kiongozi akitaka maktaba zifungwe. Hatari iko kwingine. Serikali inapobana matumizi, mishahara haiguswi. Panga huangukia matumizi mengineyo, na humo ndimo vilimo vitabu, magazeti, umeme, gundi na uzi. Mlango unabaki wazi, mkutubi yupo mezani, lakini rafu zinachakaa.

Chukua kitabu cha watoto kilichobanwa kwa pini. Hewa ya chumvi ya Tanga au Mtwara huzitia pini kutu, kutu inakula karatasi kwenye mkunjo, na kurasa za katikati zinachomoka kwanza. Kikishonwa mapema kitaazimwa tena na tena. Kikiachwa, msomaji wa pili anapoteza ukurasa, na wa tatu anarudisha jalada. Kukishona kunataka sindano, uzi, gundi na kipande cha kitambaa cha mgongo tu, na kwa kuwa vinaonekana vidogo, ndivyo vinavyofutwa mwanzo kwenye orodha ya mahitaji.

Kwa vitabu vya kiada hali ni nzito zaidi. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024. Mwanafunzi ambaye nyumbani hana kitabu hutegemea maktaba ya mkoa, na akikuta huko nakala za mtaala wa zamani tu, safari yake ni bure.

Tena fedha zilizoidhinishwa si fedha zilizopokelewa. Zikiingia Mei, wakati mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, orodha inaandaliwa mbio mbio, ununuzi unapitishwa kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa kielektroniki, na kinachonunuliwa ni kile muuzaji alicho nacho ghalani siku hiyo, si kile wasomaji wanachokiulizia. Na kitabu kikifika hakiendi rafuni moja kwa moja: kigongwe mhuri, kiingizwe kwenye rejista, kiainishwe, kiorodheshwe, kibandikwe namba mgongoni, kivalishwe nailoni.

Wapo wanaosema ada za wasomaji zizibe pengo. Hatukubaliani nao hata kidogo. Ilani ya Maktaba za Umma ya IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, na UNESCO, iliyohuishwa 2022, inataka huduma hii kimsingi iwe bure. Ada ikipanda, wa kwanza kubaki nje ni yule yule asiye na kitabu nyumbani.

Tunachoomba ni kasma ya vitabu na ukarabati itengwe peke yake, isihamishiwe matumizi mengine, na ipelekwe kila robo mwaka, ya kwanza isivuke Septemba. Wizara ya Elimu, ambayo kwenye bajeti ni Fungu 46, iseme katika hotuba yake ya bajeti ni kiasi gani kiliidhinishwa kwa ajili ya vitabu vya maktaba na ni kiasi gani kilipokelewa. Wabunge waulize hayo mapema, kwenye kamati, kwa sababu hotuba ikishasomwa bungeni tarakimu hubadilika kwa shida.

Wakutubi wastaafu,
Morogoro