Kadi ya njano haiishi muda, waambieni wa dirishani

Mhariri,

Taarifa yenu kuhusu ushirikiano wa afya mipakani, ile iliyopambwa kwa picha ya waheshimiwa waliojipanga mistari mitatu, nimeisoma mpaka nukta ya mwisho nikitafuta mahali panapotajwa dirisha la afya la mpakani, pale msafiri anapokaguliwa kadi yake ya chanjo. Hapakuwa. Miaka yote nimewasoma na kunyamaza, lakini hili limenishinda.

Mmetueleza kwa kirefu Mkataba wa Majanga ya Mlipuko uliopitishwa Geneva tarehe 20 Mei 2025, na asilimia 20 ya chanjo na dawa ambayo viwanda vitatarajiwa kuitoa kwa Shirika la Afya Duniani dunia ikiwaka moto. Vyema. Hamkutaja kwamba siku ya kuupitisha, kiambatisho cha jinsi nchi zitakavyogawana sampuli za vimelea vya maradhi na faida zitokanazo nazo kiliachwa kijadiliwe baadaye, na humo ndimo nyama ilimo. Sina ugomvi na mkataba mpya. Ugomvi wangu ni kwamba tunayo sheria nyingine, Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, inayofanya kazi tangu 15 Juni 2007, na pale inapotakiwa kusomwa hakuna anayeifungua.

Chukueni kadi ya njano, cheti cha msafiri cha kuchanjwa homa ya manjano. Zamani ilikuwa ya miaka 10, ikipita unarudi kuchomwa. Mwaka 2014 Baraza Kuu la Afya Duniani likabadilisha Kiambatisho cha 7 cha Kanuni hizo, na tangu 11 Julai 2016 sindano moja ya homa ya manjano inamtosha mtu maisha yake yote. Wala si kwa kadi mpya peke yake. Hata ile ya 2005 iliyoandikwa kwa wino kwamba mwisho wake ni 2015 bado ni halali, na hakuna nchi mwanachama yenye ruhusa ya kumdai mwenye kadi hiyo sindano ya pili ndipo imruhusu kuingia.

Sasa sikilizeni yanayofanyika. Dereva wa trela kutoka Changamwe, kadi yake ya 2011, ina sahihi, muhuri wa kituo na namba ya toleo la chanjo, alifika mpaka mmoja wa ardhini akaambiwa "hii imekufa". Kontena lina sili ya forodha, mwenye mzigo anapiga simu kila saa. Akapewa njia mbili: arudi alikotoka, ama achanjwe palepale kwa ada na aandikiwe kadi mpya. Akalipa, akachomwa, akavuka jioni ileile. Hapo ndipo mtu anayezijua kanuni hizi anaposhikwa na hasira, maana hata kama dereva yule angekuwa hajawahi kuchanjwa tangu azaliwe, sindano ile isingemfaa kitu siku hiyo: cheti cha homa ya manjano huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa. Kwa hiyo ama kadi iliandikwa tarehe ya nyuma, na huo ni ughushi, ama iliandikwa tarehe ya kweli na aliyemfungulia njia alijua fika kwamba haijaanza kazi, na basi kilichovushwa pale ni pesa tu. Asiye na kadi kabisa, akitoka eneo lenye maambukizi, kanuni zimemwekea utaratibu wake: awekwe chini ya uangalizi mpaka cheti kianze kufanya kazi, au siku zisizozidi 6 tangu siku ya mwisho aliyoweza kuambukizwa, lolote litakalotangulia, kwa kuwa kirusi hiki hujificha mwilini siku 3 hadi 6 kabla ya homa kutokea. Na chanjo yenyewe je? Hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na chupa nyingi ni za dozi 10. Ikishachanganywa na maji yake inatakiwa iishe ndani ya saa 6, kinachobaki kinamwagwa. Fungua chupa kwa ajili ya dereva mmoja aliyekwisha kuchanjwa, dozi tisa zinaweza kwenda na maji machafu. Viwanda vilivyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani kutengeneza chanjo hii duniani kote ni vinne: Ufaransa, Senegal, Brazili na Urusi. Mlipuko ulipotoka Luanda ukaingia Kongo mwaka 2016, chanjo ilikuwa haba hata watu wa Kinshasa wakachomwa moja ya tano ya dozi ili iwafikie wengi. Mwaka huohuo wagonjwa wawili waliotoka Angola waligunduliwa hapa Kenya. Leo sisi tunachoma mtu mara mbili ili mtu apate kukata risiti.

Na kejeli yake ni hii: orodha ya Shirika hilohilo inayowaongoza wasafiri huitaja miji ya Nairobi na Mombasa miongoni mwa sehemu za Kenya ambazo mgeni anayeishia hapo tu kwa kawaida hashauriwi kuchanjwa. Lakini nchi jirani huihesabu Kenya nzima kuwa nchi yenye hatari, na kisheria haki hiyo wanayo. Kudai kadi ni haki yao. Kudai kadi ya pili si haki ya yeyote.

Niwatahadharishe wenye kadi za zamani: usifute tarehe ya mwisho ukaandika "maisha", wala usimruhusu karani akufanyie hivyo kwa hisani. Kufuta, kusahihisha au kuacha sehemu wazi kunaweza kukibatilisha cheti chote. Kiache kama kilivyo. Mtoto awe na kadi yake, asiandikwe kwenye ya mama. Na ambaye chanjo haimfai, mathalani mwenye mzio mkali wa mayai, apewe barua ya daktari yenye sababu, kwa Kiingereza au Kifaransa. Kuhusu ada, Kifungu cha 40 cha Kanuni hizo kinakataza kumtoza msafiri kwa kupimwa hali yake ya afya mpakani, kuwekwa karantini, au kuandikiwa karatasi ya kuonyesha alichofanyiwa. Chanjo iliyokwisha kutangazwa kuwa sharti inaweza kulipiwa. Kipimajoto cha paji la uso, hasha.

Maadamu nimeshika kalamu, na bandari yetu nayo. Kiambatisho cha 5 cha Kanuni zilezile kinataka wadudu waenezao maradhi wadhibitiwe kwa umbali usiopungua mita 400 kuzunguka maeneo yanayotumiwa na abiria, vyombo na mizigo. Tembeeni mita hizo kutoka geti lolote la Kilindini mhesabu matairi yaliyojaa maji ya mvua. Mbu wa homa ya manjano mijini ni Aedes aegypti, yuleyule aliyetupa dengi na chikungunya, na mayai yake hustahimili ukavu miezi kadhaa yakiwa yamegandia ukutani mwa pipa. Kumwaga maji hakutoshi. Lazima pipa lisuguliwe ndani kila wiki. Chikungunya ya Lamu ya 2004 ilifika Komoro na Réunion mwaka uliofuata, na hakuna aliyeiomba kadi. Kuna na Anopheles stephensi, mbu wa malaria wa mjini kutoka Asia, aliyeonekana Djibouti 2012, nchi hiyo ikiwa na wagonjwa 27 wa malaria mwaka mzima. Kufikia 2020 walipita 73,000. Marsabit amekwisha kuonekana tangu 2022. Anapenda tangi la saruji na pipa la maji safi, na mji ambao mfereji hutoa maji kwa zamu umemwekea mapipa kila ua. Lakini maji ya Mombasa ni barua nyingine, ndefu kuliko hii.

Dawa ninayopendekeza haihitaji mkutano. Kila dirisha la afya mpakani lipewe kitabu cha risiti chenye nakala ya kaboni. Afisa akimkatalia mtu, aandike jina lake, saa, na namba ya kifungu anachokitegemea, apige muhuri, ampe msafiri nakala ya juu. Akikosa namba ya kuandika, afungue kizuizi. Kifungu cha 43 tayari kinaidai nchi inayoongeza masharti yake na kuzuia wasafiri au kuwachelewesha zaidi ya saa 24 ilieleze Shirika la Afya Duniani sababu ndani ya saa 48; sijui kwa nini karani asimweleze dereva aliye mbele yake.

Nanyi, mhariri, chapisheni kile kipande cha Kiambatisho cha 7 kuhusu cheti cha maisha, kwa Kiswahili na Kiingereza, robo ukurasa, herufi nene, chenye ukubwa wa kukunjwa na kuingia ndani ya kadi. Madereva watakikata wenyewe kwa wembe. Tangazo la viwanja vya bei poa linaweza kusubiri wiki moja.

Msomaji wenu,
Magongo, Mombasa