Wahakiki, njooni mtazame na sisi

Mhariri,

Kuna mhakiki mmoja aliyeandika juzi kwamba filamu za hali halisi kutoka Pwani "zinakokota miguu". Nimemsoma nikacheka, kisha nikaudhika.

Chukua The Letter ya mwaka 2019, ya Maia Lekow na Christopher King. Kijana anatoka Mombasa kurudi kijijini kwa nyanya yake, ajuza wa miaka zaidi ya 90, ambaye baadhi ya jamaa zake wanamwita mchawi. Nyuma ya uchawi huo kuna shamba. Kenya iliiteua filamu hiyo kuwania tuzo ya Oscar. Sasa, mwenye haraka ataona bibi kizee anapalilia tu, kamera imemkodolea macho. Lakini sisi tulio na wazee Kilifi na Kaloleni tunajua jembe lile lina maana gani: mzee akiacha kulima, shamba limepata mwenyewe mwingine. Ule ukimya ndio kisa chenyewe.

Sisemi wahakiki wasifu tu. Sauti mbovu isemwe, na tafsiri za chini ya picha zinazoua utani wa Kigiriama zisemwe zaidi (hilo hunikera kuliko yote). Ila mtu aketi kwanza na watazamaji wa Kisauni au Likoni, asikie wanapoguna na wanapocheka, ndipo ashike kalamu. Kutazama peke yako kwenye simu, huku ujumbe unaingia, si kutazama.

Msomaji wako,
Majengo, Mombasa