Kuongeza volti hakuondoi maji kwenye mafuta ghafi

Mhariri,

Tangu bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lianze kuzungumzwa, vijana wengi wamejielekeza kwenye ufundi wa mitambo ya mafuta. Ni jema sana. Ila ipo dhana moja inayopaswa kuwatoka mapema: kwamba kwa kuwa chaji chanya na hasi huvutana, matone mawili ya maji yenye chaji hizo yakigusana lazima yaungane, na ukizidisha umeme yataungana upesi zaidi. Kuvutana ni kweli. Kuungana kuna mpaka wake.

Mafuta ghafi hutoka ardhini yakiwa na maji ya chumvi. Chumvi hiyo ikiachwa ifike kwenye tanuri la kiwanda cha kusafishia, magnesi kloridi hutoa asidi ya haidrokloriki, nayo hula mabomba. Kwa hiyo mafuta hupashwa moto, huchanganywa na maji safi asilimia 3 hadi 10, kisha hupitishwa kwenye tangi lenye elektrodi (vyuma vinavyobeba umeme) za kilovolti 16 hadi 35. Mkemia Frederick Cottrell alipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya njia hii Marekani mwaka 1911. Katikati ya elektrodi, kila tone hupata upande chanya na upande hasi, hunasana na jirani yake, hunenepa, huzama.

Sasa mpaka wenyewe. Mwaka 2009 mtafiti William Ristenpart na wenzake walionyesha kuwa uga wa umeme (nguvu ya umeme kati ya elektrodi, inayokua volti zikipanda) ukipita kiwango fulani, matone yenye chaji kinyume hugusana, hubadilishana chaji, halafu hurudishana nyuma kama mipira. Sababu iko kwenye umbo. Yakikaribiana, kila tone huchongoka kuelekea mwenzake. Uga ukiwa wa wastani, ncha ni butu, na mkazo wa uso wa maji (nguvu inayoufanya uso wa maji ujikaze kama ngozi) husukuma maji kwenye daraja jembamba linalozaliwa pale yanapogusana, likapanuka. Uga ukiwa mkali, ncha huchongoka mno na mkazo uleule hulikata daraja. Tena tone kubwa hupasuka lenyewe mapema: likiwa na kipenyo mara nne, uga wa nusu tu unatosha kulipasua. Yaani fundi anayepandisha volti anavunja yaleyale matone aliyokwisha kuyakuza.

Asome mita. Ampea zikipanda huku volti zikishuka, mara nyingi maji au lile tabaka zito la maji na mafuta yasiyoachana limefika kwenye elektrodi, au matone yamejipanga mnyororo na kupitisha umeme. Hapo transfoma isiguswe. Ateremshe kimo cha maji tangini, alegeze vali ya kuchanganyia (ikibana kupita kiasi husaga maji kuwa matone madogo yasiyozama), ahakikishe joto halijashuka, maana mafuta mazito huyashika matone, na hasa haya ya Uganda yenye nta nyingi. Baada ya hayo ndipo apime kiasi cha kemikali ya kutenganisha maji na mafuta.

Walimu wa fizikia wanaweza kuonyesha jambo hili kwa bomba la maji tu. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alilieleza mwaka 1879. Rusha mchirizi mwembamba kwenda juu, kupitia tundu la kama milimita 1; utakatika na kutawanyika matone. Sugua rula ya plastiki kwa kitambaa kikavu, uishike mbali kidogo na mahali mchirizi unapokatikia: matone huungana, huanguka makubwa, na mtawanyiko hukoma. Ukitumia chaji kali zaidi, hutawanyika kuliko mwanzo. Kwetu pwani unyevu wa hewa huiba chaji haraka, basi fanyeni siku kavu, na rula isuguliwe upya kila mara.

Mhandisi wa mitambo,
Tanga