Majivu ya kichomea taka si majivu ya jikoni

Kazi yetu ni kuchukua majivu ya vichomea taka vya vituo vya afya na kuyatibu ili metali zenye sumu zilizomo zisitoke. Mwezi uliopita tulifika kituo kimoja cha afya nje kidogo ya jiji la Mwanza kuchukua majivu, tukamkuta mama jirani ameshajaza ndoo. Uzio ulikuwa umebomoka, akaingia na kuyachota shimoni ili ayachanganye na maharage yake yasibunguliwe. Hakukosea kwa ujinga. Sote tumekua tukiona majivu yakihifadhi mbegu, yakisugua masufuria, yakitupwa kwenye tuta la mchicha. Ila haya yametokana na bomba za sindano, mipira ya dripu na chupa za dawa, na mara nyingine hata betri. Hayana undugu na majivu ya mkaa.

Wateja wetu wengi ni zahanati na vituo vya afya, na neno tunalolisikia kila mara ni hili: "Zimeshaungua, tatizo limeisha." Kwa vijidudu ni kweli, moto ukiwa mkali vya kutosha. Kwa metali si kweli. Risasi, kadimi, zinki na kromi zilizokuwamo kwenye rangi, plastiki na betri haziungui. Plastiki inaisha, zenyewe zinabaki, tena sasa zimejikusanya kwenye ndoo moja ya vumbi badala ya magunia kumi ya taka. Zebaki ndiyo inayotoroka zaidi: inachemka kwenye nyuzi 357, kwa hiyo hupanda na moshi, na hilo huduma yetu hailitibu. Kipimajoto cha zebaki kikivunjika, tafadhali kisiingie motoni kabisa.

Na mji wetu unajulikana ulivyokaa. Chimba shimo mlimani Igogo au Mabatini, mara unagonga jabali. Mvua ikinyesha maji hayana pa kuzama, yanateremka na kila kilicho njiani mpaka Mto Mirongo, na Mirongo unamwaga Ziwa Victoria. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Hilo linatunyima usingizi.

Dawa tunayotumia ni mifupa ya sangara. Sangara akishatolewa minofu, mapanki, yaani kichwa na mifupa inayobaki, huenda kwa wakaangaji, na hapo hatugusi, kile ni kitoweo cha watu. Sisi tunanunua mifupa iliyobaki kwenye masufuria ya mama lishe wa Kirumba. Tunaichemsha kutoa mafuta, tunaianika juu ya mawe mpaka ukiuvunja mmoja unalia kama kijiti kikavu, kisha tunaisaga iwe laini kama sembe. Hatuichomi ikawa nyeupe, ingawa ingetupunguzia harufu, kwa sababu mfupa uliopita kwenye moto mkali sana huwa mgumu kuachia fosfeti, kiambata cha fosforasi kilichomo ndani yake.

Na fosfeti ndiyo tunayoitafuta. Unga ule ukilowana pamoja na majivu, fosfeti inaachana na kalsiamu ya mfupa na kuishika risasi, zikatengeneza fuwele mpya iitwayo pairomofaiti. Risasi iliyofungwa humo ni vigumu sana kuyeyuka tena kwenye maji. Kadimi na zinki hushikwa pia, lakini si kwa nguvu hiyo. Jambo lenyewe si geni: mwaka 2011 wakala wa mazingira wa serikali ya Marekani ulianza kuchanganya unga wa mifupa ya samaki kwenye udongo wenye risasi katika makazi ya South Prescott, Oakland, California.

Tunaongeza pia majivu ya pumba za mpunga, yenye silika nyingi, kitu kilekile kilicho kwenye mchanga. Silika ikikutana na chokaa na maji hushikamana polepole kama saruji na kuvifungia vilivyomo. (Yule mama tulimpa debe la majivu hayahaya ya pumba kwa ajili ya maharage yake, akayamwaga yale ya shimoni.)

Wapo wanaomwagia chokaa tu na kufukia. Kidogo husaidia. Ikizidi, risasi hulegea na kuanza kuyeyuka upya, kwa hiyo usiongeze chokaa kabla hatujapima.

Tutakuuliza pia umechoma nini. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa zinaweza kuwa na sumu iitwayo arseniki, na fosfeti huisukuma arseniki itoke badala ya kuishika. Majivu hayo hatuyachanganyi na mifupa. Yaliyochanganywa tunayaacha yakiwa na unyevu kwa wiki kadhaa, kisha sampuli inakwenda maabara, inatikiswa kwenye maji yenye asidi kidogo kwa saa 18, na maji yake yanapimwa metali. Majibu yakiwa mabaya tunarudia kwa gharama yetu.

Hata yakifaulu, bado ni taka hatarishi mpaka wenye mamlaka waseme vingine. Yanarudi kwenye shimo lililojengewa, si shambani wala kwenye tofali za nyumba.

Siku ya kuchukua, nyunyizia majivu maji kabla hatujafika, vumbi lisiruke. Mzoaji avae barakoa, glavu na buti. Betri zitengwe kwenye ndoo yake tangu wodini, kwa kuwa isiyoingia motoni haitupi kazi shimoni. Na shimo lipate mfuniko na kufuli leo, hata kama sisi tutafika wiki ijayo.