Fomu ya ridhaa isiwe ya Kigiriki

Mhariri,

Naomba nafasi nami nichangie mjadala wa maneno magumu ya Kiingereza. Wengi wanayastaajabia kana kwamba yalizaliwa London. Mimi nimestaafu nikiwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, na maneno ya namna hiyo ndiyo yaliyoandikwa ubaoni kila asubuhi, mbele ya majina ya wagonjwa. Mengi ni ya Kigiriki, tena Kigiriki cha kawaida kabisa, cha kukata na kushona.

“Tome” ni mkato. Jina la operesheni likiishia na “-tomy”, ujue daktari atapasua. Ukitanguliza “ek”, yaani nje, unapata “-ectomy”: anakata na kukitoa kabisa kilichokatwa. (Atomu nayo imetoka humo humo, kwa “a” ya kukanusha: kitu kisichokatika. Baadaye ikakatika, lakini jina lilishazoeleka.) “Stoma” ni mdomo, kwa hiyo “-stomy” ni kufungua mdomo pale ambapo Mungu hakuuweka. Na “rhaphe” ni mshono.

Sasa tazama hatari yake. Katika hospitali moja mama aliletewa fomu ya ridhaa ya mumewe, imeandikwa “colostomy”. Akaambiwa, “Ni operesheni ya utumbo, mama, weka saini hapa.” Akaweka. Aliporuhusiwa kumwona mgonjwa akafunua shuka, akakuta kipande cha utumbo kimetokeza ubavuni, chekundu kama ulimi, na mfuko wa plastiki umebandikwa juu yake. Alipiga ukunga wodi nzima ikaamka. Alidhani mshono umefumuka na mumewe anakufa. Tulimkalisha kwenye benchi, nikamweleza kwamba ndivyo ilivyokusudiwa, kwamba choo kitapitia hapo mpaka chini papone. Akaniuliza, “Sasa mbona hamkuniambia?” Sikuwa na jibu la kumpa, maana jina lenyewe lilikuwa limeshasema: “kolon” ni utumbo mpana, “stoma” ni mdomo. Mgiriki angeelewa. Mama wa watu angeelewa vilevile kama mtu angemwambia, “Tutamfungulia mzee mdomo wa utumbo hapa ubavuni.”

Madaktari vijana wakisikia hivi hunijibu, “Sista, Kiswahili hakina maneno ya kitaalamu.” Nawauliza, “anaesthesia” ilikuwa na utaalamu gani? Mwaka 1846, baada ya daktari wa meno Morton kuonyesha kule Boston, Marekani, kwamba mvuke wa etha unamlaza mgonjwa asisikie kisu, daktari mwenzake, Oliver Wendell Holmes, alimwandikia barua akipendekeza hali ile iitwe hivyo. Kwa Kigiriki ni kutohisi, basi. Sisi tunasema nusu kaputi, na sijapata kuona mgonjwa akiomba afafanuliwe.

Wala Wagiriki hawakuanza leo kuijua pwani yetu. Katika karne ya kwanza, mtu asiyejulikana jina aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za bahari hii, na soko la mwisho analolitaja upande wa Azania, yaani pwani hii ya Afrika Mashariki, analiita Rhapta. Wataalamu hawajakubaliana lilikuwa wapi hasa, ingawa wengi wanalitafuta huku huku pwani ya Tanzania. Mwandishi anasema limepata jina hilo kutokana na vyombo vyake vya kushonwa, sawa na mitepe ya baadaye, iliyofungwa mbao kwa kamba za usumba bila msumari. Basi Rhapta na “herniorrhaphy”, ile operesheni ya ngiri inayowatoa jasho wanafunzi wa uuguzi kwa zile “r” mbili na “h”, wana shina moja: kushona. Mvuvi wa Tongoni mwenye ngiri ukimwambia, “Tutarudisha utumbo ndani, halafu tushone ukuta wa tumbo,” hahitaji mkalimani. Pengine atakuuliza mnashona kwa uzi gani, na ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuyasikia kwenye kikao cha asubuhi.

Sisemi majina haya yafutwe. Daktari wa Tanga anapomwandikia mwenzake wa Muhimbili, au wa India, yanaokoa muda na yanazuia makosa. Yabaki kwenye faili. Ninachoomba ni kwamba pale ambapo fomu ya ridhaa bado ni ya Kiingereza, juu ya mstari wa saini pawe na nafasi ya sentensi tatu za Kiswahili, daktari azijaze kwa mkono wake: tutakata wapi, tutatoa nini, na mgonjwa akiamka atakuta nini mwilini mwake. Muuguzi azisome kwa sauti mbele ya ndugu kabla kalamu haijatolewa.

Muuguzi mstaafu,
Chumbageni, Tanga